Kiungulia cha Msusi

Msusi alikuwa ameinama bafuni, mkono mmoja ukutani, akitapika maji machungu ya njano, aliposikia mama mkwe wake akicheka nje ya mlango. Hakikuwa kicheko cha kejeli. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu aliyeokota kitu ambacho alikwisha kukata tamaa ya kukipata.

"Pole, mwanangu," mama mkwe alisema. "Tapika tu, yatoke yote. Ndivyo inavyokuwa."

Msusi alibaki ameinama ingawa tumboni hamkuwa na kitu tena. Mwanangu? Tangu mama huyo ahamie kwao baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa akimwita "Msusi" kama wateja wanavyomwita, na siku nyingine hakumwita kabisa. Alisema tu na hewa iliyokuwa karibu naye. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya kusukutua, amekishika kwa mikono miwili.

"Ni tumbo tu, Mama. Linaniwaka moto."

"Linawaka hapa?" Mama mkwe akagusa chini ya kifua chake mwenyewe. "Hicho ni kiungulia. Mtoto ana nywele nyingi. Na mtoto wa msusi, ulitaka aje kipara?"

Wakacheka wote wawili. Msusi alicheka kwa sababu utani wenyewe ulikuwa mzuri, na kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kucheka jambo moja. Angeweza kusema pale pale kwamba siku zake zilikuja juma lililopita, tena kwa maumivu, na kwamba alifua nguo zake saluni na kuzianika nyuma ya mapipa ya maji ili mtu asizione. Alifungua mdomo. Mama mkwe akaupangusa kwa ncha ya kitenge chake.

"Leo usiguse ndoo," alisema. "Maji nitachota mimi."

Akaondoka na ndoo zote mbili, mwendo wa haraka kuliko umri wake.

*

Mume wa msusi alikuwa fundi wa friji. Kutwa alirudisha ubaridi kwenye friji za watu, na ya kwake mwenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi. Walikuwa wanatunzia humo unga na mashuka. Jioni hiyo alipoingia, mama yake alimpokea begi la vifaa mlangoni, akamvuta pembeni, akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

Fundi alikuja kusimama karibu na mkewe aliyekuwa akimenya vitunguu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama kisogo, akamtazama mikono, kisha akamnyang'anya kisu na kuanza kumenya yeye, vibaya.

"Ni kweli?"

"Sijapima."

"Lakini unatapika."

"Natapika. Kutapika si lazima iwe hivyo. Usijiwekee matumaini."

"Nimekaa miaka yote hii bila kujiwekea," fundi alisema, macho yakimtoka machozi ya vitunguu. "Niachie hata wiki moja."

Msusi akamwachia. Wiki moja ni nini? Alijiambia kwamba tumbo litatulia, kutapika kutakoma, na jambo lenyewe litakufa kimyakimya kama matumaini mengine yaliyopita mle ndani. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa na habari. Kabla wiki haijaisha, jirani wa mlango wa pili, mshona nguo, alikwisha kumshika msusi mkono bombani na kumwambia hongera, na wanawake wengine wakasogeza ndoo zao ili yeye akinge kwanza.

Nyumbani, kiti chenye mgongo, ambacho mama mkwe alikuwa amekitwaa siku aliyohamia, sasa kilikuwa cha msusi. Supu ilipopikwa, paja la kuku lilikuwa lake. Alilila akiungua. Kila tonge lilishuka kama limepakwa pilipili, na alimeza huku akitabasamu, kwa kuwa mbele yake alikaa mwanamke aliyekuwa akimtazama anavyotafuna kana kwamba anatazama mvua baada ya kiangazi.

*

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo vitatu, mashine mbili za kukaushia nywele, moja ikifanya kazi, na benchi la wanaosubiri. Mwenye saluni walimwita Madam. Yeye alikaa kwenye meza ya mlangoni akipokea simu za wateja. Kusimama ilikuwa kazi ya wasusi.

Msusi alikuwa fundi wa rasta ndogondogo, zile zinazoanza asubuhi na kumalizika jua likizama. Mteja hukaa, msusi husimama, ameinamia kichwa, vidole vikienda bila kupumzika. Juu kidogo ya kiuno chake palikuwa na sehemu iliyouma kama mtu amepigilia msumari, na maumivu yale yalikuwa yakitambaa mpaka begani na kwenye vidole vya mkono wa kulia. Alikuwa amezoea kuyatuliza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la dawa, na muuzaji alipomwona tu akivuka alikwisha kuzitoa.

"Zilezile?"

"Zilezile. Niongezee, kesho nina bibi harusi."

Alivinunua vidonge hivyo kama anavyonunua uzi na mipira ya nywele. Alivitunza saluni, ndani ya kopo la vichanuo, na nyumbani hakupeleka hata kimoja. Asubuhi alimeza viwili kabla mteja wa kwanza hajakaa. Adhuhuri viwili tena, kwa soda baridi, maana kula kulimaanisha kuacha kichwa cha mtu nusu, na Madam hakupenda kichwa kilichoachwa nusu. Mgongo ukigoma jioni, aliongeza. Na tangu tumbo lianze kuwaka alikuwa akiongeza zaidi, kwa kuwa maandishi ya pakiti yalisema ni vya kuondoa maumivu, na tumbo lilikuwa linauma.

Siku moja alivuka barabara akamwambia muuzaji kwamba ana kiungulia. Muuzaji akampa dawa nyeupe ya maji, ya kutikisa kabla ya kunywa. Alipata nafuu ya siku mbili tatu. Kisha moto ukarudi, ukiwa umekasirika.

"Umekonda, lakini uso unang'aa," Madam alimwambia, akimwangalia kiooni. "Nimesikia mambo. Utakapojifungua nani atanishikia wateja wa rasta?"

"Madam, mimi..."

"Sikufukuzi. Nauliza tu mapema."

*

Ilimpata akiwa kwenye kichwa cha mwalimu mmoja wa shule ya jirani. Alihisi jasho la baridi, akashika mgongo wa kiti, akasema, "Samahani, mwalimu," kwa adabu kabisa, kisha akatapika kwenye beseni la kuoshea nywele. Matapishi yalikuwa meusi, yenye chembechembe kama machicha ya kahawa. Mwalimu aligeuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akapiga ukelele. Msusi alikuwa amekwisha kwenda chini.

Madam ndiye aliyesimamisha gari. Mwalimu alipanda naye, vilevile alivyo, akamshika msusi kichwa magotini mpaka hospitali.

Fundi na mama yake walifika msusi akiwa kitandani, dripu mkononi, wodi imejaa. Mama mkwe hakumsalimu mtu. Alimshika daktari wa zamu mkono wa koti, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, akamwambia kwa sauti ya kulia:

"Daktari, nakuomba. Mwokoe mtoto kwanza."

"Mtoto gani, Mama?"

"Aliye tumboni."

Daktari alimtazama mgonjwa, akaitazama karatasi ya vipimo. "Mgonjwa huyu hana mimba. Tunapima kila mwanamke kabla ya kumpa dawa. Ametapika damu. Tatizo liko kwenye tumbo la chakula."

"Pimeni tena."

"Tulirudia, Mama, kwa kuwa hata wenzake waliomleta walisema hivyohivyo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani, kwa heshima. Mama mkwe aliachia mkono wa koti, akaulainisha mahali alipoukunja, kama anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akatoka nje bila kumtazama mkwewe.

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Siku zangu hazikukosa hata mara moja."

"Ukaniacha niseme kazini? Nimewaambia watu kazini."

Msusi alitaka kumjibu kwamba aliombwa wiki moja, naye akaitoa. Lakini midomo yake ilikuwa imekauka, na alichosema kilikuwa kingine, ambacho hata yeye hakukijua mpaka alipokisikia.

"Mama yako aliniita mwanangu. Nilitaka aniite tena."

*

Kesho yake walimpitisha kwenye kipimo cha kamera. Alimeza mpira mwembamba, machozi yakimchuruzika, muuguzi akimpigapiga bega na kumwambia apumue kwa pua. Mchana daktari yule akaja na majibu. Mama mkwe alikuwa amerudi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda na chupa ya maji moto magotini, kama mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa wa watu wengine.

"Ukuta wa tumbo lako umevimba na umechubuka," daktari alisema. "Umewiva, mwekundu, na una vidonda vidogovidogo. Ndivyo vilivyotoa damu. Nina dawa ya kupunguza asidi, na ukuta utapona. Hilo halinipi shida. Shida yangu ni kwamba sijui nini kimeuchubua."

Akavuta kiti.

"Kuna vijidudu vinavyoishi tumboni na kuleta hali kama hii. Tumevitafuta, havipo. Pombe?"

"Sinywi."

"Sigara?"

"Hapana."

"Unatumia dawa yoyote?"

Macho ya msusi yalikwenda kwenye kigoda na kurudi. "Hapana."

Daktari aliyaona macho hayo. Aliweka kalamu mfukoni.

"Mama, naomba utupishe kidogo."

Mama mkwe alianza kuinuka. Na hapo, kwa kuiona mikono ile ya kizee ikitafuta mahali pa kushika ili iinuke, msusi alijikuta amechoka. Alichoka na kufua kwa kificho, na kumeza kwa kificho, na kutabasamu juu ya moto.

"Mama asiondoke," alisema. "Akae asikie. Nameza vidonge. Vya mgongo. Kila siku."

"Vingapi?"

"Viwili nikianza kazi. Viwili mchana. Jioni inategemea. Siku za harusi sihesabu."

"Pamoja na chakula?"

"Kazini sili."

"Kwa muda gani?"

"Tangu mwaka juzi. Na tumbo lilipoanza kuuma nikaongeza."

Daktari alimtajia aina moja, msusi akaitikia kwa kichwa. Akamtajia rangi ya pakiti, msusi akakubali tena. "Basi ndivyo hivyo," daktari alisema taratibu. "Hivyo vidonge vinanyamazisha mgongo na kula tumbo. Ungeniambia jana ungekuwa umeniokolea usiku mzima. Kwa nini umeficha? Si bangi, si sumu. Vinauzwa dukani."

Aliyejibu alikuwa mama mkwe.

"Kwa sababu yangu."

Fundi, aliyekuwa amesimama dirishani, akageuka.

"Nilipohamia kwao," mama mkwe aliendelea, akimwambia daktari, "nilikuta vidonge kwenye mkoba wake. Mimi sijui kusoma maandishi yale madogo. Nikasema ndiyo maana sina mjukuu, kumbe anazuia uzazi. Nikavimwaga uani mbele ya watu na kuvikanyaga."

"Vilikuwa vya mafua," msusi alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasahihisha tu.

"Vilikuwa vya mafua?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Hukunisikia, ulikuwa unavikanyaga."

Daktari aliangalia sakafu. Mama mkwe alifungua kifuniko cha chupa, akakifunga, akakifungua tena. Pale wodini hakusema samahani, na msusi, aliyekuwa akiingoja bila kutaka kuingoja, akafumba macho.

Masharti yalikuwa machache. Vidonge vile asivione tena. Dawa ya asidi kila asubuhi kabla ya kula, kwa majuma kadhaa, asiache hata akijisikia mzima. Ale kidogokidogo na kwa wakati, mchana usipite tumbo likiwa tupu. Akitapika tena damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, arudi mbio. Mgongo utatafutiwa njia yake: kiti kirefu cha kukalia anaposuka, mazoezi atakayoonyeshwa, na dawa nyepesi anayoandikiwa na daktari, si na muuzaji wa ng'ambo ya barabara.

"Msusi gani anasuka amekaa?" msusi alimwuliza daktari.

"Yule anayetaka kusuka mwakani."

*

Aliporudi nyumbani, jambo lililobaki lilikuwa watu. Fundi alikwisha kulifikiria njiani.

"Tuseme imeharibika," alisema, akimtandikia kitanda. "Hiyo inaeleweka. Umelazwa, umetoka, umekonda. Watatupa pole, yataisha."

"Nipokee pole ya mtoto ambaye hakuwapo?"

"Sasa tutasemaje? Mama ametangaza mtaa mzima. Unataka aonekane mwongo?"

"Sitaki aonekane chochote. Ila mimi sitalia matanga ya kiungulia."

Fundi akacheka bila kupenda, kisha akakaa chini, akaufunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika kwa muda. Msusi alimwekea mkono kisogoni. Mtoto hakuwapo, lakini baba yake alikuwapo kwa wiki kadhaa, na sasa huyo ndiye aliyekuwa akizikwa. Nyuma ya pazia la chumba cha pili, mama mkwe alisimama na shuka mkononi, amesikia lote.

Asubuhi alibeba ndoo mbili akaenda bombani. Msusi alimfuata polepole na jagi dogo, kwa kuwa hakutaka mwenzake asimame peke yake mbele ya watu. Foleni ilikuwa ndefu. Mshona nguo alimwona msusi, akaweka mikono kichwani.

"Jamani, pole! Tumesikia umelazwa. Na mjukuu je, Mama? Amesalimika?"

Wanawake waligeuka. Wengine walikwisha kutengeneza nyuso za kupokea msiba. Neno la uongo lilikuwa tayari pale, limepikwa na kupakuliwa. Lilihitaji tu mtu wa kuliweka mdomoni. Msusi alimtazama mama mkwe.

"Hapakuwa na mjukuu," mama mkwe alisema.

"Eti?"

"Hapakuwa na mimba. Niliitunga mimi, nikaja kuwatangazia. Mkwe wangu alikuwa mgonjwa wa tumbo kwa sababu ya vidonge vya mgongo. Alivificha kwa kuwa niliwahi kumkanyagia dawa zake pale uani kwetu, mliona wenyewe." Aliweka ndoo zote mbili chini. "Alikuwa anatapika ugonjwa, mimi nashangilia."

Maji yalijaa ndoo ya mtu, yakafurika, yakaendelea kumwagika mpaka mshona nguo alipokumbuka kufunga bomba. Mama mkwe akachukua nafasi yake mwisho wa foleni. Siku hiyo hakuna aliyewasogezea ndoo. Walisubiri zamu kama wote, bega kwa bega.

*

Mambo hayakugeuka kuwa asali. Mama mkwe hakumwita tena mwanangu. Neno hilo lilikuwa la mwenye mimba, na labda aliona haya kulitumia. Alirudia "Msusi." Kiti chenye mgongo walikikalia kwa kupokezana bila kupanga. Kuna siku kiungulia kilirudi, na msusi alikaa kitandani akiogopa. Kuna siku mgongo ulimliza, akaitazama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Madam alinunua kiti kirefu baada ya kulalamika sana, na wateja wawili walihama wakisema msusi anayesuka amekaa ni mvivu. Mwalimu alirudi kumaliziwa kichwa chake.

Lakini siku ile ya kwanza aliporudi kazini, jua likiwa utosini, mama mkwe alitokea mlangoni mwa saluni. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na mkononi alishika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mwanamke mnene mwenye haraka, aliyekwisha kuuliza mara nyingi kama watamaliza kabla ya saa kumi.

"Msusi. Chakula."

"Nikimaliza mstari huu, Mama."

"Daktari hakusema ukimaliza mstari."

Mteja alimtazama kupitia kioo. "Mama, mimi nina safari. Nani atanilipia muda wangu?"

Mama mkwe alitandaza kitambaa kwenye meza ya vichanuo, akafunua bakuli, akaweka kijiko. Wali laini, mboga iliyochemshwa, pilipili hakuna. Kisha akaja akasimama nyuma ya mteja, mahali pa msusi, akavishika vile vishungi vya nywele vilivyokuwa bado kusukwa, kwa vidole viwili, kwa uangalifu mkubwa, ili visifumuke.

"Mimi sijui kusuka," alimwambia mteja kiooni. "Lakini kushika naweza. Nitashika mpaka amalize kula."

Mteja akaegemea kiti. Madam, mezani pake, akaipokea simu ambayo haikuwa imelia. Msusi alivuta kiti, akakaa, akaanza kula polepole, tonge kwa tonge, na mama mkwe alisimama pale ameshika nywele za mtu, mikono ikimchoka, asiilegeze.